Tumbo linauma, lakini tumbo lipi? Kutafuta chanzo cha tatizo kwa kufuata njia ya chakula

Mtu akisema "tumbo linaniuma", bado hajasema kitu. Kiswahili kimelitwisha neno hili mizigo mingi: tumbo ni ule mfuko unaopokea chakula, tumbo ni eneo zima kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga, na mjamzito naye ana tumbo. Ndani ya eneo hilo zimo ini, kifuko cha nyongo, kongosho, bandama, figo, kibofu na matumbo yaliyojikunja. Si ajabu kila kinachouma hapo huishia kuitwa "vidonda vya tumbo", na dawa ikawa ileile kwa wote.

Mimi hulitafuta tatizo kama fundi bomba anavyotafuta panapovuja: anaanzia maji yanapoingilia, kisha anafuata njia hadi yanapotokea. Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula ni mrija mmoja kutoka mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Ini na kongosho vimeungwa pembeni, vikimimina maji yao ndani yake. Maswali ni matatu. Panauma wapi? Panauma saa ngapi ukihesabu tangu ulipokula? Kinachotoka kikoje? Ukiyajibu kwa ukweli, eneo la kutafuta hupungua hadi kutoshea kwenye kiganja.

Vipimo vya mrija wenyewe ni hivi. Umio una sentimita 25 hivi. Utumbo mwembamba ukinyooshwa baada ya mtu kufa hufika takribani mita 6, ingawa kwa aliye hai ni mfupi zaidi kwa kuwa misuli yake imejikaza. Utumbo mpana ni mita 1.5. Chakula hukaa kwenye mfuko wa tumbo kama saa 2 hadi 4, hupita utumbo mwembamba kwa saa nyingine 4 hadi 6, halafu huzubaa kwenye utumbo mpana siku nzima, mbili au zaidi. Shika muda huo kichwani, tutauhitaji.

Yasiyosubiri kusoma mwongozo

Kabla ya kufuata njia yoyote, hakikisha hukai na jambo la dharura. Funga ukurasa huu uende hospitali kama unatapika damu au kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa. Kama choo ni cheusi ti, kinanata na kinanuka vibaya kuliko kawaida. Kama tumbo limekuwa gumu kama ubao na hata kulishika haiwezekani. Kama tumbo limevimba, unatapika, na hutoi choo wala upepo. Mwanamke ambaye huenda ana mimba, hata kama hana uhakika, akipata maumivu makali chini ya kitovu aende siku hiyohiyo, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kupasua mrija wa uzazi na kumwaga damu ndani. Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani naye hasubiri asubuhi.

Chakula kinakwama njiani

Kumeza si kudondosha. Ulimi unasukuma tonge nyuma, kimio kinainuka kuziba njia ya pua, kifuniko kidogo kilicho nyuma ya ulimi kinafunika njia ya hewa, kisha misuli ya umio inalikamua tonge kwenda chini, wimbi baada ya wimbi, kwa sekunde chache. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza hata akiwa amening'inia kichwa chini.

Kama kinachokwama ni chakula kigumu peke yake, huku maji na uji vinapita, fikiria kwamba njia imekuwa nyembamba: kovu lililoachwa na asidi, au uvimbe. Hali ikianza na vigumu, baada ya wiki kadhaa ikahamia kwenye laini, na uzito unapungua, hapo hakuna cha kujaribu nyumbani. Ni kipimo cha kamera, haraka. Lakini kama maji na chakula vyote vinasumbua tangu mwanzo, huenda njia iko wazi na shida ni misuli au mishipa ya fahamu inayoiongoza. Maji yakikupalia na kukufanya ukohoe papo hapo, tatizo liko juu zaidi, kooni.

Kuna chanzo kimoja cha kijinga ambacho nakijua kwa kukitenda. Nilimeza kidonge cha doksisaiklini bila maji, nikiwa nimeshalala, nikiona uvivu kuinuka. Asubuhi kila tonge lilipita katikati ya kifua kama limebeba kaa la moto, na ilichukua zaidi ya wiki kupona. Kidonge hakikufika tumboni. Kilijibandika kwenye ukuta wa umio na kuyeyukia hapo. Meza dawa ukiwa umekaa au umesimama, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa.

Moto kifuani

Mfuko wa tumbo hutoa asidi kali, pH yake kati ya 1.5 na 3.5, na wenyewe umejikinga kwa tabaka la ute. Umio hauna kinga hiyo. Kinachovitenganisha ni mlango wa misuli ulio mwisho wa umio, unaofunguka tonge linapofika na kujifunga nyuma yake. Mlango huo ukilegea, asidi inapanda, na kiungulia ndicho hicho. Kwa hiyo mtu mwenye kiungulia si lazima awe na "asidi nyingi". Mara nyingi asidi ni ya kawaida kabisa, ila imekwenda mahali pasipo pake.

Ukielewa hivyo, vyanzo vinajipanga vyenyewe. Mlo mkubwa unaujaza mfuko na kuusukuma mlango. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Pombe na sigara vinalegeza misuli. Kitambi na mkanda uliokazwa vinabana kutoka nje. Wajawazito hupata yote kwa pamoja: homoni ya projesteroni inalegeza mlango, na kizazi kinachokua kinasukuma kutoka chini.

Swali la kujiuliza ni hili: moto huwaka zaidi ukiinama au ukilala? Ukijibu ndiyo, na mdomoni kunakuja uchachu au uchungu, basi karibu ni hakika kwamba ni asidi inayopanda. Kula mara ya mwisho saa 3 kabla ya kulala. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Mito haifai, kwa sababu inakunja kiuno na kulibana tumbo lilelile unalotaka kulipunguzia shinikizo. Lala ubavu wa kushoto. Kwa jinsi mfuko ulivyokaa, ukilala hivyo asidi inatulia chini ya usawa wa mlango, na ukigeukia kulia inakuwa juu yake. Jaribu usiku mmoja tu, tofauti utaisikia.

Kuhusu dawa, kosa ninaloliona kila mara ni omeprazoli kumezwa wakati moto umeshawaka, au usiku mtu anapokwenda kulala. Dawa hii huzima vinu vinavyotengeneza asidi, na huvipata vikiwa vimeamka kwa ajili ya chakula. Imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, kwa kawaida wa asubuhi, na ipewe siku kadhaa ionyeshe kazi. Kwa moto wa sasa hivi, zile dawa za kutafuna au za maji zinazopoza asidi zinafaa zaidi, ingawa hazidumu. Zenye magnesiamu hulegeza choo na zenye aluminiamu hukifunga, basi usishangae tatizo moja likizaa jingine.

Ila kifua kikibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakaenda kwenye taya au mkono, jasho baridi likatoka, au yakaja ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika, usihangaike na tumbo. Moyo na umio vinapitisha taarifa zao kwenye njia za fahamu zilizo karibu, na ubongo huvichanganya. Daktari mwenyewe hawezi kuvitofautisha kwa kuangalia uso. Anahitaji kipimo cha moyo.

Panachoma chini ya chembe cha moyo

Hapa ndipo vidonda vya tumbo vinapostahili kutajwa. Kidonda cha kweli hukaa kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo au kwenye duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Wakufunzi hupenda kusema kwamba kidonda cha duodeni hutulia ukila na kurudi saa 2 au 3 baadaye, hata kukuamsha usiku wa manane, na kile cha tumboni huchachamaa ukila. Ni dokezo zuri, lakini si hukumu. Wapo wenye kidonda kinachovuja damu ambao hawajawahi kusikia maumivu, na wapo wengi wanaoungua miaka nenda rudi, kamera ikaingia isione hata mkwaruzo.

Kwa miongo mingi watu waliambiwa vidonda vinatokana na mawazo na pilipili. Kisha Robin Warren, mtaalamu wa patholojia huko Perth, Australia, akaanza kuona bakteria waliojipinda kwenye vipande vya nyama ya tumbo. Yeye na Barry Marshall walijaribu kuwaotesha bila mafanikio, hadi vyombo vyao vilipoachwa siku kadhaa zaidi wakati wa sikukuu ya Pasaka ya 1982, na bakteria wakaota. Wenzao hawakusadiki, kwa hiyo mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao, na baada ya siku chache akawa anatapika, ukuta wa tumbo lake umewaka. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori, na anatibika kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi.

Chanzo kikuu cha pili kiko kwenye kabati la dawa: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao. Zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini, na kemikali hizohizo ndizo zinazouambia ukuta wa tumbo utengeneze ute wa kujikinga. Watu hujifariji kwamba wamekula kwanza, au wamechomwa sindano badala ya kumeza. Chakula hupunguza mwasho tu, na sindano nayo hupita kwenye damu na kufika kulekule. Ukiwa na historia ya vidonda, uliza kama parasetamoli inatosha. Aspirini uliyopewa kwa ajili ya moyo, hata hivyo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Kipimo: cha pumzi au cha choo huonyesha kama bakteria wapo sasa. Kile cha damu kinachotafuta kingamwili kinaweza kubaki "chanya" muda mrefu baada ya kupona, na wengi wamemeza dozi mbili tatu za antibiotiki kwa sababu ya karatasi hiyo tu. Kabla ya kupima pumzi au choo, omeprazoli na jamaa zake ziwe zimesimama wiki 2 na antibiotiki wiki 4, vinginevyo bakteria hujificha na majibu yanadanganya.

Kwamba mawazo hayana neno kabisa, hiyo nayo si kweli. Mwaka 1822 kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwenye kisiwa cha Mackinac, Marekani, akapona akiwa na tundu ubavuni lililofika hadi ndani ya tumbo. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza kupitia tundu hilo na kuvivuta nje kila baada ya muda kuona vimeyeyuka kiasi gani. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba hasira ya mgonjwa wake ilivuruga mmeng'enyo. Hasira haichimbi shimo kwenye ukuta, lakini inabadilisha kazi ya tumbo na jinsi unavyoyasikia maumivu yake.

Kulia, chini ya mbavu

Ini hutengeneza nusu lita hadi lita moja ya nyongo kwa siku, na kifuko cha nyongo huhifadhi sehemu yake na kuikoleza. Mafuta yakifika kwenye duodeni, homoni hutolewa inayokiamuru kifuko kijikamue. Sasa fikiria kuna jiwe mlangoni. Kifuko kinakamua, jiwe linaziba, na maumivu yanapanda hadi kukaza, yakienda mgongoni au kwenye bega la kulia. Hudumu zaidi ya nusu saa, pengine saa kadhaa, kisha hukatika jiwe likirudi nyuma. Mara nyingi huja jioni au usiku baada ya mlo wenye mafuta, na dawa za asidi haziyagusi. Hilo la mwisho ndilo linalomfumbua macho mtu aliyekuwa akijitibu vidonda mwaka mzima. Kipimo chake ni altrasaundi, hakiumi wala hakiingii mwilini.

Maumivu yakipita saa 6 au homa ikaja, kifuko chenyewe kimewaka. Macho yakiwa manjano, jiwe limeziba njia kuu. Na maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, yakipungua kidogo ukiinama mbele, ni ya kongosho. Mawe ya nyongo na pombe ndivyo vyanzo vyake viwili vikubwa. Yote matatu ni ya hospitali.

Maumivu yanayohama

Kidole tumbo kinahitaji jicho kali kwa sababu huanza kwa uongo. Mishipa ya fahamu ya matumbo yenyewe ni ya kubahatisha: inajua kuna shida, haijui hasa wapi, ikaielekeza katikati. Kwa hiyo mwanzoni mtu husikia maumivu kuzunguka kitovu, hamu ya kula inakatika, labda anatapika mara moja. Uvimbe unapokua hadi kugusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, mishipa mingine inachukua kazi, na hiyo huonyesha mahali kwa kidole. Ndani ya siku moja hivi maumivu yanahamia chini kulia. Charles McBurney alieleza mahali hapo mwaka 1889: chora mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, kisha simama kwenye theluthi ya kwanza kutoka upande wa nyonga.

Nyumbani, mwambie mgonjwa akohoe au aruke kidogo kwa mguu wa kulia. Akikunja uso na kushika palepale, mpeleke. Usimpe dawa ya kuendesha. Na maumivu yakipungua ghafla baada ya kuwa makali, msishangilie, kwa sababu kidole kinaweza kuwa kimepasuka na shinikizo limetoka. Baada ya muda mfupi tumbo zima litaanza kuuma.

Kuhara

Kila siku lita 9 hivi za maji huingia kwenye utumbo mwembamba. Umekunywa na kula kama lita 2. Nyingine 7 umezitoa mwenyewe, kwa mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo. Utumbo mwembamba hunyonya nyingi, lita moja na nusu hivi hufika kwenye utumbo mpana, na choo hutoka na gramu 100 hadi 200 tu za maji. Kuhara ni hesabu hiyo kuvurugika, na hapo utaona kwa nini mtu asiyekunywa kitu bado anaharisha maji. Kuacha kunywa "ili kuhara kukatike" ni kumkausha mgonjwa bure.

Kinachotoka kinakuambia ni chumba gani kimeharibika. Choo kingi, chepesi kama maji, bila damu, kinachokuja mara chache lakini kwa wingi, kwa kawaida ni cha utumbo mwembamba: virusi, sumu ya bakteria, au kipindupindu pale kinapofanana na maji ya kuoshea mchele. Choo kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache, chenye ute au damu, na hamu ya kwenda isiyoisha hata ukiwa umetoka sasa hivi, ni cha utumbo mpana, na hicho kinahitaji kupimwa. Dawa ya kufunga kama loperamidi haifai penye damu au homa, na si ya watoto wadogo.

Kinachookoa maisha ni maji ya chumvi na sukari. Siri yake iko kwenye ukuta wa utumbo: kuna mlango unaopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata. Hata kipindupindu kikiharibu kila kitu kingine, mlango huo hubaki ukifanya kazi. Pakiti za ORS ndizo bora. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila mlima. Pitisha kisu juu ya kijiko ukisawazishe. Koroga, kisha onja: yasiwe na chumvi kuzidi machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni na kuhara kukaongezeka, jambo linalotokea pia kwa soda na juisi tamu.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi. Mkubwa kidogo, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena, kijiko kimoja kimoja. Anyonye na ale kama kawaida. Zinki apewe kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6. Finya ngozi ya tumbo lake taratibu kisha achilia. Ikichelewa kurudi, macho yamezama, au analegea na kukataa kunywa, maji ya nyumbani hayatoshi tena.

Choo kigumu

Kwenda mara tatu kwa siku ni kawaida, na mara tatu kwa wiki pia ni kawaida. Tatizo ni choo kuwa kigumu, kukikamua, au kuhisi hakikuisha. Utumbo mpana hauna huruma: kila saa choo kinapokaa humo, unanyonya maji zaidi. Ukibanwa asubuhi ukasema "baadaye", jioni hukikuti kama ulivyokiacha.

Njia rahisi ya kupima mwendo ni mahindi. Kula punje za mahindi mabichi yaliyochemshwa, usizitafune sana, andika saa, kisha subiri uzione. Maganda yake hayasagiki. Zikitoka ndani ya siku moja hadi mbili, mwendo ni mzuri na shida huenda iko mlangoni, yaani jinsi unavyosukuma. Zikipita siku tatu, utumbo unatembea polepole. Tazama dawa unazomeza kwanza, hasa kodeini, tramadoli, vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango nayo hupunguza mwendo.

Kwa mlangoni, kaa magoti yakiwa juu kuliko nyonga. Kuna msuli unaoizunguka sehemu ya mwisho ya utumbo kama kamba na kuikunja, na kuchuchumaa hulegeza kona hiyo. Anayetumia choo cha kukalia aweke kigoda chini ya miguu. Nenda dakika 15 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kwa sababu tumbo likipokea chakula huuamsha utumbo mpana. Nyuzinyuzi za mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa zinasaidia ukiongeza na maji. Bila maji zinageuka kifusi.

Mtego mmoja: mzee au mtoto aliyekuwa na choo kigumu siku nyingi, ghafla anaanza kuchafua nguo kwa majimaji. Familia inasema anaharisha, anapewa dawa ya kufunga. Kumbe donge limeziba, na choo chepesi cha juu kinapenya pembeni yake. Dawa ya kufunga hapo ni kumwongezea kizibo.

Gesi

Kutoa upepo mara 10 hadi 20 kwa siku hakuhitaji tiba. Mbweu nyingi ni hewa uliyoimeza ukila haraka au kunywa vinywaji vyenye gesi. Gesi ya chini ni kazi ya bakteria wa utumbo mpana wakila tulichoshindwa kumeng'enya, kama sukari fulani za maharage. Ikija pamoja na tumbo kunguruma na kuhara ndani ya nusu saa hadi saa 2 baada ya maziwa, shaka iko kwenye laktosi, yaani sukari ya maziwa; watu wazima wengi duniani, takribani theluthi mbili, kimeng'enya chake kimewapungua. Acha maziwa wiki mbili, kisha yarudie, uone. Isipokuwa mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku na anashiba upesi: huyo aombe kipimo cha ovari kabla ya kulaumu maharage.

Kabla hujavuta maji

Geuka utazame. Rangi ya kahawia inatokana na nyongo. Choo kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mkojo mweusi kama chai ya rangi, nyongo haifiki utumboni. Nenda ukapimwe ini na njia zake hata kama huumwi. Kijani mara nyingi ni nyongo iliyopita kwa kasi, au mboga.

Cheusi chenye kunata kama lami ni damu iliyomeng'enywa, imetoka juu. Vidonge vya chuma na dawa zenye bismuthi hutoa weusi pia, lakini usionata wala kuwa na ile harufu nzito. Damu nyekundu inayodondoka au kubaki kwenye karatasi kwa kawaida ni bawasiri au mpasuko mdogo mlangoni, na kwa kijana mwenye choo kigumu sitaogopa sana. Kwa aliyefika miaka 45 na kuendelea, au ambaye mtindo wa choo umebadilika kwa wiki kadhaa, bawasiri ziwepo zisiwepo, damu hiyo ifuatiliwe kwa kamera. Na kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote saa nane usiku, kumbuka kama jana au juzi ulikula bitiruti.